Anayelia Siye Aliyeshiba

Ndugu zangu wasimamizi wa hifadhidata, ninyi mliokabidhiwa seva ambamo mishahara, ankara na madaftari ya watu hupita usiku na mchana, leo naanza na karipio. Mmekuwa wepesi wa kuongeza diski na wazito wa kuuliza nani ameila. Kila nafasi ya muda inapokwisha mnakimbilia kuongeza faili. Hitilafu inanyamaza, mnarudi kulala, na mwezi ukiisha mnaamshwa na simu ileile, kwa kosa lilelile. Mpaka lini?

Andiko letu ni fupi. Kila aliyesimamia Oracle kwa muda amelikuta kwenye logi ya tahadhari: ORA-01652, imeshindikana kurefusha segimenti ya muda kwa 128 katika eneo la TEMP. Ni mstari mmoja, lakini mna namba ndani yake, mna jina, na mna mtu asiyetajwa. Tuusome taratibu, maana wengi wetu huusoma nusu kisha tukainuka kupigana.

Tuanze na namba. Hiyo 128 si megabaiti wala gigabaiti. Ni bloku. Kwenye hifadhidata yenye bloku za kilobaiti 8, bloku 128 ni megabaiti 1 tu. Mtu ameomba megabaiti 1 akakosa! Je, yupo atakayesimama hapa aseme kwamba megabaiti hiyo moja ndiyo iliyomaliza eneo la gigabaiti 32? Hayupo. Ile ilikuwa ya mwisho kuombwa. Zilizotangulia zote zilikwisha kuchukuliwa na wengine, au na mwombaji huyohuyo saa nzima kabla, na ujumbe hausemi ni nani. Hitilafu humwangukia aliyekuta mlango umefungwa.

Hapo ndipo ilipo dhambi yetu ya kwanza. Karani anatoa ripoti ya kawaida, ileile aliyoitoa jana na juzi, inayohitaji megabaiti chache za kupangia. Inakufa kwa ORA-01652. Anapiga simu, nasi tunamkoromea: "Ripoti yako nzito, irekebishe." Anarudi mezani amebebeshwa kosa la mwingine, na huyo mwingine, swali la SQL lililoanza saa tatu usiku, linaendelea kula kimyakimya. Anayelia siye aliyeshiba! Mara nyingine huwa ndiye, nakubali, lakini hilo lithibitishwe kwa ushahidi, lisidhaniwe kwa sababu jina lake ndilo lililotokea kwenye logi.

Sasa soma jina. Hitilafu inasema katika eneo gani? Wengi wakiona tu ORA-01652 mkono unakwenda wenyewe kwenye TEMP. Hebu tazama tena. Huenda pameandikwa USERS, au eneo lolote lingine la kudumu. Unapounda jedwali kutokana na matokeo ya swali, au unapojenga upya indeksi, Oracle hukijenga kitu hicho kipya kama segimenti ya muda ndani ya eneo kitakapokaa, na hukigeuza kuwa cha kudumu kazi ikikamilika. Nafasi ikikosekana katikati ya ujenzi, ujumbe ni uleule, namba yaweza kuwa ileile, ila jina ni jingine. Aliyeruka jina ataongeza faili za TEMP mpaka diski ijae, na indeksi haitajengeka.

Na nafasi ya muda yenyewe ni nini? Ni uwanja wa kuanikia karafuu wa kijiji kizima. Kila mwenye mavuno hutandika jamvi lake, akaanika, kisha akakunja na kuondoka ili mwenzake naye atandike. Hakuna anayehamia pale. Ndivyo ilivyo TEMP. Hifadhidata ikitakiwa kupanga rekodi, kuunganisha majedwali makubwa au kujumlisha kwa makundi, huanzia kwenye memori. Memori isipotosha, ziada humwagwa TEMP, na kazi ikiisha nafasi inarudi kwa wote. Sikieni lakini: kwenye eneo la muda Oracle haigawi kiwango kwa kila mtumiaji kama inavyoweza kufanya kwenye maeneo ya kudumu. Mmoja akitaka kutandika kutoka ukuta hadi ukuta, hakuna mgawo wa kumzuia. Ulinzi umebaki kwenu.

Edgar F. Codd, katika makala yake ya mwaka 1970 iliyozaa hifadhidata hizi za kimahusiano, alitaka mtumiaji asilazimike kujua data imepangwaje ndani ya mashine. Lilikuwa jambo jema, na dunia nzima imefaidika nalo. Ila lina gharama: mwandishi wa mistari mitatu ya SQL haoni jasho linalotoka chini yake. Piga hesabu nami. Jedwali la wateja lina rekodi 200,000, la bidhaa lina 3,000. Msanidi wa programu anayataja yote mawili kwenye ripoti yake, anasahau sharti la kuyaunganisha, kisha anaomba matokeo yapangwe kwa jina la mteja. Kila mteja anakutanishwa na kila bidhaa: rekodi 600,000,000. Kwa makadirio ya baiti 100 kwa rekodi, hizo ni gigabaiti 60 za kupangwa ili mtu apate ukurasa wa kwanza, na wa pili hatausoma.

TEMP yenu ina faili moja la gigabaiti 32. Inajaa. Mnaongeza la pili, zinakuwa 64, ripoti inapita kwa kuburuzika, mnapongezana. Wateja wakifika 250,000, kazi ileile itadai gigabaiti 75. Mtaongeza la tatu? Mstari mmoja wa sharti ndio uliopungua, nanyi mnanunua diski!

Dhambi ya pili ni kuwasha ujirefushaji wa faili na kuandika UNLIMITED, kisha kulala usingizi wa pono. Kwa bloku za kilobaiti 8, faili la kawaida haliwezi kuzidi gigabaiti 32 hivi, hata ukiliandikia UNLIMITED kwa wino wa dhahabu. Faili la aina ya bigfile ndilo linaloweza kufika terabaiti 32, na hapo hatari ni kubwa zaidi, maana diski itakwisha kabla yake. Kama diski hiyo ndiyo yenye faili za data na za redo, swali la mtu mmoja limeshakuwa msiba wa ofisi nzima. Tena jihadharini: kwenye Unix na Linux faili la muda la gigabaiti 30 huweza kuundwa kwa kufumba na kufumbua, kwa sababu bloku zake hazijachukuliwa kweli kwenye diski. Unatazama, unaona nafasi bado ipo, unaweka faili jingine humohumo. Siku TEMP inapotumika kwa dhati, mafaili yote mawili yanadai haki yake, na diski haina cha kuyapa.

Dhambi ya tatu ni kusoma kipimo kisichohusika. DBA_FREE_SPACE haina habari za faili za muda, kwa hiyo msiiulize. V$TEMP_SPACE_HEADER inaonyesha kilichokwisha kugawiwa segimenti ya kupangia. Segimenti hiyo huundwa na kazi ya kwanza inayohitaji TEMP baada ya hifadhidata kuwashwa, na haivunjwi mpaka hifadhidata izimwe. Nafasi iliyoachwa ndani yake hutumiwa tena na wengine. Ndiyo maana kipimo hicho huweza kusoma asilimia 100 usiku ambao hapana hata mtu mmoja anayepanga chochote. Msimamizi mgeni anaona 100, jasho linamtoka, anaongeza faili kwa tatizo ambalo halipo. Ukitaka ukweli, itazame V$SORT_SEGMENT: bloku ngapi zinatumika sasa, ngapi ziko huru, na kwenye safu ya MAX_USED_BLOCKS, kilele kilifika wapi tangu hifadhidata iwashwe. Tangu toleo la 11g ipo pia DBA_TEMP_FREE_SPACE, ambayo kwenye nafasi huru huhesabu hata ile iliyogawiwa na sasa haina mtu.

Ya nne ndiyo inayoniuma kuliko zote: kuzima na kuwasha. Kweli, TEMP inarudi safi. Na ushahidi umefutika pamoja nayo.

Shikeni hili la ushahidi kuliko yote niliyosema. Swali lililoshindwa huachia nafasi yake. Simu inalia saa nane usiku, unajikokota mpaka kwenye kompyuta, unaingia, unatazama: TEMP imetumika asilimia 4. Hakuna mtu. Asubuhi kwenye kikao mkuu anauliza kulikoni, unajibu "ilijaa, sasa iko sawa," na unaita hiyo taarifa. Ndugu yangu, hiyo si taarifa! Uchunguzi wa nafasi ya muda hufanyika tukio likiwa hai, na kwa kuwa hujui litatokea lini, lazima mlinzi awe ameshakaa mlangoni kabla. Ufuatiliaji unaoanza baada ya simu umekwisha kuchelewa.

Basi wekeni mlinzi asiyesinzia. Undeni jedwali dogo la kudumu. Kwa DBMS_SCHEDULER, kila dakika 5, chukueni yaliyomo kwenye V$TEMPSEG_USAGE, yaunganisheni na V$SESSION kwa anwani ya seshini, SESSION_ADDR upande huu na SADDR upande ule, myaandike: saa, jina la mtumiaji, programu, mashine aliyotokea, SQL_ID, aina ya segimenti, na bloku alizoshika. Wenye seva kadhaa za RAC tumieni majina yanayoanza na GV$, la sivyo mtalinda nyumba moja huku moto uko ya pili. Tunzeni kumbukumbu hizo zaidi ya miezi 3, ili mwisho wa robo mwaka uwe na mwisho wa robo iliyopita wa kulinganishwa nao. Kazi yenyewe ni ya alasiri moja na inakula nafasi kidogo mno.

Siku ya tukio ikifika, daftari hilo litasomeka hivi. Saa 3:00 usiku mtumiaji wa ripoti ameshika gigabaiti 2. Saa 3:05 ana 9. Saa 3:10 ana 16, saa 3:15 ana 23. Saa 3:20 amefika 30, na dakika moja baadaye karani anaanza kulia. Jambo lilikuwa wazi saa 3:10! Mtu mmoja anaongeza gigabaiti 7 kila dakika 5, zimebaki 16 kati ya 32. Kwa mwendo huo ni dakika 11 tu. Kwa hiyo tahadhari zenu zisipime ujazo peke yake. Asilimia 85 iliyotulia tangu mchana huenda ni kazi halali. Asilimia 50 inayopanda kwa kasi hiyo ndiyo inayostahili kukuamsha. Pimeni kiasi na mwendo pamoja.

Kisha jifunzeni kusoma aina ya segimenti, maana kila moja ina dawa yake. Mkikuta SORT au HASH, liendeeni swali lenyewe na mpango wake wa utekelezaji. Tafuteni sharti la kuunganisha lililosahaulika. UNION iliyowekwa mahali ambapo UNION ALL ingetosha, ikailazimisha mashine kuondoa marudio ambayo hayapo. Takwimu za majedwali zilizochakaa, zikaifanya Oracle itarajie rekodi mia na kukutana na milioni. Mkikuta DATA, ni majedwali ya muda, na mengine yameagizwa kutunza rekodi mpaka seshini ifungwe. Muulizeni mwenye programu kwa nini seshini yake haifungwi.

Mkikuta LOB_DATA, fungueni macho zaidi, kwa sababu huyo haji kwa kishindo. Ni programu iliyoacha miunganisho wazi toka asubuhi mpaka asubuhi, kila muamala ukiunda LOB ya muda na kuisahau. Haba na haba hujaza kibaba. Hakuna swali zito la kulaumu. Kuna mamia ya seshini, kila moja imeshika kidogo na haiachii. V$TEMPORARY_LOBS itawaonyesha ni seshini zipi. Dawa iko kwenye msimbo wa programu: LOB iachiliwe ikishatumika, na miunganisho ifanywe upya kila baada ya muda. Ukiongeza diski hapa umeahirisha tu.

Onyo kuhusu SQL_ID. Safu hiyo huweza kukuonyesha swali ambalo seshini inaliendesha sasa, ilhali nafasi ilichukuliwa na swali lililotangulia. Matoleo ya karibuni yana safu ya SQL_ID_TEMPSEG kwa ajili hiyohiyo. Itumieni mtu asihukumiwe kwa kosa la swali lisilo lake. Wenye leseni ya Diagnostics Pack wataikuta TEMP_SPACE_ALLOCATED kwenye historia ya seshini, na wanaweza kurudi nyuma mpaka saa ya tukio. Wasio nayo wasiiguse, ukaguzi wa leseni hauna huruma. Na mnaopenda kutegesha tukio la 1652 ili lizae faili la ufuatiliaji, tegesheni, lakini mkumbuke faili hilo humwandika aliyepigwa na hitilafu. Ni maelezo ya mlalamikaji. Mshtakiwa bado mnamtafuta.

Mkishamjua, mtengeni. Wapeni watumiaji wa ripoti eneo lao la muda, na miamala ya kaunta iwe na lake. Oracle inaruhusu kila mtumiaji kupangiwa eneo lake la muda. Amri yake ni ya mstari mmoja. Ripoti mbovu ikijaza eneo lake, itaanguka peke yake na malipo ya wateja yataendelea. Tazameni na memori: PGA_AGGREGATE_TARGET iliyowekwa seva ilipokuwa na gigabaiti 16 bado iko palepale leo seva ikiwa na 128, na kazi ambazo zingeishia kwenye memori zinasukumwa diskini bila sababu. Kwa kazi ndefu za usiku ambazo kuanza upya ni balaa, wezesheni usubirishaji. Swali likikosa nafasi litasimama badala ya kufa, litaonekana kwenye DBA_RESUMABLE, nawe una sekunde 7200, yaani saa 2, kama hujabadilisha muda wa kawaida, za kulitafutia nafasi. Ila lisimamapo halijaachia lilichoshika, kwa hiyo usubirishaji bila tahadhari ya kukuamsha ni kumficha mgonjwa chumbani.

Na ikibidi kuua seshini, iueni mkiwa mmekwisha kuandika jina, programu, swali na saa. Ulizeni kwanza kama si mishahara iliyobakiza dakika tatu. Kuua bila kuandika ni kuzima na kuwasha kwa jina jingine.

Simkatazi mtu kuongeza diski. Kama daftari la miezi 3 linaonyesha watumiaji wengi, kila mmoja na kazi yake halali, maswali yote yamekaguliwa na biashara imekua kweli, ongezeni, tena kwa kifua mbele, mkiwa na namba za kumwonyesha mwenye fedha. Siku mkikuta eneo limekuzwa kupita kiasi kwa ajili ya ajali moja, tangu 11g mnaweza kulipunguza kwa SHRINK SPACE hifadhidata ikiwa wazi. Ninachokataa ni kuongeza kwa upofu.

Na ninyi wa PostgreSQL, SQL Server na MySQL msitabasamu. Kwenye PostgreSQL, temp_file_limit huja bila kikomo na log_temp_files huja imezimwa. Ni wangapi kati yenu mmewahi kuzigusa? Kwenye SQL Server, tempdb huundwa upya kila seva inapowashwa, kwa hiyo kishawishi cha kuzima na kuwasha kiko nanyi pia, hali sys.dm_db_session_space_usage ipo tayari kuwatajia seshini zinazohusika. Kwenye MySQL 5.7, faili la ibtmp1 likishavimba halipungui mpaka mzime. Mifumo ni tofauti, lakini swali la kwanza ni moja kwa wote: nani ameshika nafasi sasa hivi, na amefikaje hapo?

Basi kila anayenisoma na atende. Leo undeni jedwali la kumbukumbu na muwashe kazi ya kila dakika 5. Wiki hii watengeni watumiaji wa ripoti, na kila faili linalojirefusha liwekeeni kikomo mnachoweza kukitetea. Tahadhari itakapolia, nendeni kwa mwandishi wa swali mkiwa na daftari mkononi, bila matusi. Mwonyesheni gigabaiti alizoshika na mstari uliozizaa, kaeni naye mpaka aurekebishe, kisha muandike tarehe ya marekebisho pembeni ya jina lake. Fanyeni hivyo kwa ripoti moja, halafu inayofuata, kabla mwezi haujafungwa.